Mwarobaini wa uani kwako ni upi?



Kiangazi kimoja, mvua zikiwa bado hazijaanza, mama mmoja aliletwa na mumewe kwa baiskeli kwenye zahanati ninayofanyia kazi, nje kidogo ya mji wa Tabora. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miaka minne. Mtoto alikuwa akitapika tangu alfajiri, amelegea, mikono inatetemeka, na ukimwita hageuki. Nikauliza amepewa nini nyumbani. Mama akamtazama mumewe kwanza, kisha akasema, "Mwarobaini tu, dokta. Bibi yake kamchemshia. Homa ilikuwa siku ya tatu."

Hilo neno "tu" nalisikia karibu kila wiki. Sikumlaumu bibi, maana mimi mwenyewe nimelelewa na mwarobaini. Nilipokuwa madrasa, ustadhi wetu alikuwa akitunywesha kikombe kila mtoto aliyekohoa, na ole wake atakayekunja uso. Lakini kutetemeka kule hakukunikaa sawa. Nikamtoboa mtoto kidole kumpima malaria, nikamwekea maji ya mshipani, na nikamwomba baba arudi nyumbani akavunje tawi la mti wenyewe aniletee.

Alirudi na tawi lenye vichala vya matunda ya manjano, ya mviringo kama gololi, yamening'inia kwenye vikonyo virefu. Kwenye ncha kulikuwa na maua machache ya rangi ya zambarau yanayonukia vizuri. Ndugu msomaji, ule haukuwa mwarobaini. Na kipimo kilionyesha malaria. Kwa hiyo mtoto alikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: malaria iliyokaa siku tatu bila dawa, na sumu ya mti mwingine kabisa. Tukampeleka hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Alhamdulillah, baada ya siku nne aliruhusiwa kurudi nyumbani.

Mti ule unaitwa kitaalamu Melia azedarach. Mwarobaini wa kweli ni Azadirachta indica. Miti hii ni ya ukoo mmoja, inafanana kwa mbali, yote miwili imetoka nje, na hapa kwetu watu wengi huiita kwa jina moja. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo hilo, na juu ya watu walioileta mimea ya bustani zetu na walioipa majina, maana kosa lililomlaza mtoto yule lina historia ndefu kuliko unavyodhani.

Waliopanda kabla yetu

Ukikaa chini ya mwembe hapa Tabora ukaangalia uani, karibu kila unachokiona ni mgeni. Mwembe wenyewe asili yake ni Bara Hindi. Mchungwa na mlimau ni miti ya Asia. Mpapai, mpera, nyanya na pilipili zimetoka Amerika. Hakuna hata kimoja kilichoota hapa chenyewe. Kuna mtu alibeba mbegu, akachimba shimo, akamwagilia kiangazi kizima.

Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara Snay bin Amir. Burton aliandika kwamba Waarabu wa Unyanyembe walikuwa na bustani pana zilizopandwa vizuri. Henry Stanley alipokuja mwaka 1871 aliona kuzunguka matembe yao ngano kidogo ya kula wenyewe, michungwa, milimau, mipapai na miembe, na akataja vitunguu maji na vitunguu saumu, pilipili, matango, nyanya na biringanya. Ukienda Kwihara, maili chache kutoka mjini, kwenye tembe walilokaa Stanley na Livingstone mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho, utaweza kuvuta picha ya bustani hizo.

Lakini tusifiche jambo. Majina tuliyoachiwa ni ya wenye matembe na ya wageni wao. Waliolima bustani zile kwa jembe, na kuchota maji ya kuzimwagilia, wengi wao walikuwa watumwa, na hakuna aliyeandika jina la hata mmoja. Na waliobeba mizigo kutoka Bagamoyo hadi hapa na kuendelea mpaka Ujiji ni Wanyamwezi na waungwana wa pwani. Wazee wetu husema miembe iliyofuata njia ile iliota penye vituo vya misafara, watu walipokula na kutupa kokwa. Mwaka 2006 nchi yetu iliiweka njia hiyo ya misafara katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara na Ujiji ni miongoni mwa vituo vyake. Kwa mtu anayeijua hadithi ya Mtume (SAW) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba kila kitakacholiwa na mtu, ndege au mnyama katika alichopanda Muislamu ni sadaka kwake, kutupa kokwa penye udongo mzuri si jambo dogo.

Pamoja na walioleta mimea, walikuja pia walioiandika. Januari 1861 Speke alirudi Kazeh akiwa na mwenzake James Augustus Grant. Speke alitafuta chanzo cha Mto Nile. Grant alikuwa na kazi nyingine ya kimya: kukata matawi ya mimea, kuyakausha ndani ya karatasi, na kuandika wapi ameyakuta na wenyeji wanayatumiaje. Kazi hiyo hakuifanya akiwa mzima wakati wote. Alipofika Karagwe mguu wake uliharibika vibaya kwa ugonjwa ambao baadhi ya madaktari wa leo wanaudhania kuwa ni kidonda cha Buruli, na ikabidi abaki huko miezi kadhaa wakati Speke anaendelea na safari kwenda Buganda. Mimea yake ilipelekwa bustani ya Kew, London, ambako mtaalamu Daniel Oliver aliichambua mmoja mmoja, na kati ya 1872 na 1875 ikachapishwa pamoja na michoro katika kumbukumbu za Jumuiya ya Linnaeus.

Kwa nini tabibu wa zahanati ajali karatasi za miaka ya 1870? Kwa sababu Grant alifanya lile ambalo sisi hatulifanyi tunapochemsha dawa. Aliweka pamoja vitu vitatu: tawi lenyewe, jina lake, na matumizi yake. Sisi hurithi jina na matumizi, tukaliacha tawi. Bibi yule alilijua jina, na matumizi aliyajua vilevile. Mti ndio uliokuwa mwingine.

Kosa la tangu 1753

Bibi yetu si wa kwanza kuichanganya miti hii. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden, ambaye kwa taaluma alikuwa tabibu, alichapisha kitabu kikubwa cha mimea kilichoanzisha utaratibu unaotumika mpaka leo wa kuupa kila mmea majina mawili. Katika kitabu hicho aliiweka miti yetu hii miwili chini ya jina moja la kwanza: mmoja akauita Melia azedarach na wa pili Melia azadirachta. Soma tena majina hayo polepole. Yanatofautiana herufi chache tu, kwa sababu yote yametoka katika maneno yale yale ya Kiajemi, azad dirakht, yaani mti huru.

Ilipita miaka 77. Mwaka 1830 Mfaransa Adrien de Jussieu, naye aliyesomea utabibu, aliangalia tena maua, majani na kokwa, akaona haifai miti hii kukaa pamoja. Akautenga mwarobaini katika jinsi yake peke yake, ukawa Azadirachta indica. Kwa wataalamu jambo likaisha hapo. Huku uani kwetu halijaisha.

Na kuna jambo jingine ambalo linatuhusu sisi zaidi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliutaja mti wa azadirakht katika kitabu chake cha Qanun, na akaonya kuwa matunda yake ni hatari na huweza kuua. Watu wa Ulaya walipokutana na mti huo wa Melia katika bustani zao, waliutambua kwa maelezo yake. Yaani tahadhari ambayo ingemkinga mtoto yule iliandikwa na tabibu wa Kiislamu karibu miaka elfu moja iliyopita, na sisi tunaojivunia jina lake tumeupanda mti mpaka kwenye viwanja vya shule.

Baada yake alikuja Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Malaga, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Alisafiri akiangalia mimea kwa macho yake, na kitabu chake kinaeleza dawa na vyakula vipatavyo 1,400 kwa mpangilio wa herufi. Ninachompendea ni kwamba pale alipoweza aliandika majina ya mmea mmoja katika lugha mbalimbali, Kiarabu, Kigiriki, Kiberiberi na nyinginezo, ili mwuza dawa wa mji huu asimwuzie mgonjwa kitu ambacho mji wa jirani kinaitwa jina jingine. Alijua watu hufa kwa majina.

Itofautishe hivi

Toka nje na gazeti mkononi. Usiangalie ukubwa wa mti wala kivuli, hivyo vitakudanganya. Chukua jani zima, tangu pale linapoungana na tawi.

Mwarobaini wa kweli una kikonyo kimoja, na vijani vimepangwa huku na huku kama mbavu za samaki. Kila kijani kimepinda kidogo kama mundu na ukingo wake una meno kama msumeno. Melia kikonyo chake hugawanyika, kikatoa vikonyo vingine vidogo, na vijani viko kwenye hivyo vidogo. Ukiona jani ndani ya jani, basi si mwarobaini.

Maua ya mwarobaini ni meupe, madogo, yananukia kama asali. Ya Melia ni ya zambarau. Tunda la mwarobaini limerefuka kidogo kama zeituni, likiiva linakuwa la manjano, nyama yake ni laini na ndani mna kokwa moja laini isiyo na mifereji. Tunda la Melia ni la mviringo, na kokwa yake ni ngumu yenye mifereji, hata wengine huitoboa wakatengeneza shanga na tasbihi. Matunda hayo hubaki yamening'inia mtini hata majani yakiwa yamepukutika, na hapo ndipo watoto wanapoyaona vizuri.

Tasbihi haina neno, endelea nayo. Tunda ndilo lisiingie kinywani. Likiliwa au likichemshwa huleta kutapika, kuharisha, kulegea, kutetemeka, na likizidi huleta degedege na mtu hupumua kwa shida. Mtoto mdogo hahitaji matunda mengi. Ikitokea, usimtapishe kwa nguvu wala usimnyweshe maziwa kwa imani kuwa yanakata sumu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na uchukue tawi lenye jani na tunda. Tawi hilo linatusaidia kuliko maelezo ya watu watano waliokuja na mgonjwa kila mmoja na lake.

Na ule wa kweli, je?

Huenda umefurahi kuona wako ni wa kweli. Ngoja kwanza.

Jina mwarobaini limetokana na imani kwamba mti huu unatibu maradhi arobaini. Nimewaomba wazee mara nyingi wanitajie hayo arobaini. Hufika kumi na mawili hivi, kisha huanza kurudia. Lakini sifa za mti si za uongo. Mahujaji wetu wakirudi husema wameukuta uwanja wa Arafa, na ni kweli, maana huko imepandwa karibu miti 50,000 kuwapa mahujaji kivuli. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati nzige walipovamia. Walikula kila jani la kijani, wakauacha mwarobaini. Kutokana na jambo hilo utafiti ukapamba moto, na leo kiini chake kiitwacho azadiraktini kinatumika duniani kama dawa ya kuzuia wadudu wa mazao. Majani makavu ndani ya ghala la maharage ni matumizi mazuri, na bibi zetu waliyajua kabla ya Schmutterer.

Taabu inaanza tunapotoka kwenye ghala tukaingia kinywani mwa mtoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa Malaysia walieleza habari za watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kwa maradhi madogo ya kawaida. Walitapika, wakasinzia, wakapumua kwa kasi, wakapata degedege, na baadhi walifariki. Yale yalikuwa mafuta safi ya mbegu za mwarobaini wa kweli, wala hakukuwa na mti uliochanganywa. Kwa hiyo mtoto mchanga asipewe kabisa mafuta hayo kwa kunywa. Mama mjamzito, na anayetafuta mimba, waache kunywa mwarobaini wa aina yoyote, kwani majaribio kwa wanyama yameonyesha kuwa unaweza kuharibu mimba.

Halafu kuna homa. Ndugu msomaji, mkoa wetu wa Tabora si mkoa wa kufanyia mchezo na homa ya mtoto. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta ukiongoza nchini kwa malaria ya watoto wadogo: kati ya watoto 100 waliopimwa, 23 walikuwa nayo. Kipimo cha kutoboa kidole hutoa jibu ndani ya dakika 15 hadi 20. Siku tatu za kuchemsha na kusubiri ndizo siku ambazo malaria ya kawaida hugeuka kuwa malaria kali ya kupanda kichwani au kuishiwa damu. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, hapo hata saa moja ni nyingi.

Wapo wanaoniambia, "Lakini hata dawa mseto zinatokana na majani." Ni kweli, na nafurahi wanapolisema hilo. Dawa ya artemisini iliyomo ndani ya dawa mseto hutoka katika mmea wa jamii ya pakanga uitwao Artemisia annua. Lakini angalia ilivyopatikana. Mama mmoja wa Kichina, Tu Youyou, alisoma vitabu vya kale vya tiba ya kwao, akakuta katika kimoja cha karne ya 4 kwamba majani yaloweke kwenye maji kisha yakamuliwe. Hakikusema yachemshwe. Akagundua kuwa moto ulikuwa ukiharibu dawa, akatumia njia isiyo na joto kali, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akafanikiwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Yeye na wenzake walipima kiasi na kumfuata mgonjwa mpaka wajue vimelea vimekwisha kweli. Chai ya pakanga uliyochemsha sufuriani haina kipimo hicho, na Shirika la Afya Duniani halishauri itumike kutibu malaria.

Ipo hadithi ya Mtume (SAW) iliyopokewa na Abu Dawud, kwamba anayetibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Tulipoisoma madrasa niliidhania ni kwa waganga wa sokoni. Siku hizi naona inaingia mpaka jikoni.

Majirani wa mwarobaini

Kwa kuwa umeshatoka nje na gazeti, angalia na mingine. Ua wa minyaa, ule wa kijani usio na majani, umezunguka nyumba nyingi za huku kwetu na mbuzi hawapiti. Linnaeus aliupa jina la tirucalli akifuata jina la Malabar, India, ingawa mmea wenyewe asili yake ni bara letu hili. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huchoma na unaweza kupofusha. Hata ndugu yake aliyepewa jina la yule Grant, Euphorbia grantii, ana utomvu wa kuogopwa. Ukimwingia mtu, osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, ndipo uende hospitali. Watu wa Tabora tuna asali nyingi na tunaipenda, ila isiwekwe jichoni, na maziwa ya mama vilevile yasiwekwe.

Mbono kaburi, uliopandwa kwenye nyua na makaburini, na ambao kati ya 2005 na 2008 wakulima walihimizwa kuulima kwa ajili ya mafuta ya mitambo, una mbegu tamu. Utamu huo ndio mtego. Watoto hula kama karanga, kisha hutapika na kuharisha mpaka maji mwilini yanakwisha. Linnaeus aliuita Jatropha kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya tabibu na chakula, jina ambalo mimi nisingelitoa.

Lakini ninaouogopa zaidi ni mnanaha, ule wenye ua jeupe la tarumbeta na tunda la miiba linaloota jalalani na pembeni mwa bustani za mboga. Aliyekula mbegu zake hukauka mdomo, ngozi inakuwa ya moto na nyekundu, mboni za macho hupanuka, moyo hukimbia, kisha huanza kuongea na watu wasioonekana na kushika vitu visivyokuwepo. Nieleze nini zaidi? Familia ya Kiislamu ikiona hivyo inajua jibu moja tu. Mtoto anapelekwa kusomewa, saa zinapita, na sumu inaendelea. Siwakatazi kisomo, Qur'ani ni shifaa na mimi mwenyewe huwasomea wanangu. Msomeeni akiwa garini, akiwa kwenye pikipiki, akiwa kitandani wodini. Na mmoja wenu abaki nyuma aangalie jalala lina mmea gani.

Nikifikiria haya huwa nakumbuka mkunazi. Mara zote nilizohudhuria kuosha maiti, sijaona mtu akileta majani yasiyo ya mkunazi kwa kukosea. Vijana hutumwa, huenda moja kwa moja hata usiku, huleta majani yenyewe, kwa sababu tumefundishwa tangu utotoni kuwa maiti huoshwa kwa maji na majani hayo, na tumeonyeshwa mti kwa kidole. Maiti wetu hatujawahi kuwakosea mti.

Bibi wa yule mtoto alikuja zahanati baada ya mwezi. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye matawi matatu, akayapanga mezani kwangu kama anayeuza. "Mwanangu, huu je?" La kwanza lilikuwa mwarobaini wa kweli, aliulizia kwa jirani. La pili Melia, tayari alikuwa analijua, alitaka tu kunihakikishia. La tatu sikulijua, nikamwambia silijui, tukalikausha ndani ya gazeti hili hili tumpelekee bwana misitu.

Alipokuwa anaondoka akauliza, "Na ile iliyoko pale shuleni, nani atawaambia watoto?" Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakutaka miti ikatwe kwa sababu ya kivuli, nami sikumshurutisha. Alitupa kopo la rangi nyeupe iliyobaki, na wanafunzi wa darasa la sita wakaandika kwenye shina la kila mmoja, kwa herufi kubwa: SI MWAROBAINI, USILE.